Nani Aliuona Mpira Ukitoka Uwanjani?

Tangazo lilikuwa fupi. Mpira wa besiboli, uliotumika tarehe 26 Aprili 2017 katika uwanja wa PNC Park mjini Pittsburgh, kwenye mchezo ambao Gift Ngoepe aliandika historia. Stika ya ligi ya kuthibitisha mpira ilikuwa imebandikwa, namba yake ikisomeka vizuri pichani, na bei ilikuwa mara kadhaa ya ile inayotozwa kwa mpira wa kawaida uliochezwa. Hapakuwa na neno la uongo hata moja katika tangazo lile. Sikuununua.

Mwafrika anayeishi Pittsburgh hulisikia jina la Ngoepe kwa sikio la peke yake. Alizaliwa Afrika Kusini, akakulia Randburg katika jengo la klabu ya besiboli ambako mama yake alikuwa mfanyakazi, na mwaka 2008 akasajiliwa na Pittsburgh Pirates. Alisota katika ligi za chini miaka mingi. Usiku ule wa Aprili aliingizwa katika awamu ya nne, na mara yake ya kwanza kushika gongo akaupiga mpira wa Jon Lester wa Chicago Cubs, mmoja wa warushaji wakubwa wa zama zake, akafika kituo cha kwanza salama. Kabla yake hakuna mtu aliyezaliwa na kukulia barani Afrika aliyewahi kucheza ligi kuu ya Marekani. Mimi nilikuwa kazini, zamu ya usiku, nikisikiliza redioni kwa sauti ya chini. Mwenzangu wa zamu, mama mmoja wa Bukavu ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu, aliniona nimesimama wima akauliza kuna nini. Nikamwambia, "Mama, mtoto wetu amepiga." Alipiga kigelegele kile cha Kikongo, mkono mdomoni ili wagonjwa wasiamke.

Kwa hiyo tangazo lile lilinigusa penyewe. Nilichukua namba ya stika nikaitafuta katika kumbukumbu za ligi, ambazo ziko wazi kwa mtu yeyote. Jibu likaja: awamu ya pili, mpira umerushwa, umegonga udongo mbele ya mdakaji, umetolewa mchezoni. Katika awamu ya pili Ngoepe alikuwa bado amekaa benchi. Hakuushika mpira ule, hakuupiga, wala hakuwa uwanjani ulipokuwa unachezwa. Nilimwandikia muuzaji kumuuliza kama analijua hilo. Alijibu kwa adabu kwamba hakuandika popote kuwa Ngoepe aliugusa. Ni kweli, hakuandika. Alisema "mchezo ambao", akaniachia mimi nijaze kilichobaki kwa mapenzi yangu mwenyewe.

Waswahili husema akili ya kuambiwa, changanya na yako. Mimi ya kuchanganyia niliipata mapema, chuoni Tanga, kabla sijajua kama kuna mchezo unaoitwa besiboli. Maalimu wetu hakukubali tutaje maneno ya hadithi ya Mtume kabla ya sanadi yake: fulani kapokea kwa fulani, naye kapokea kwa fulani, hadi kufika kwa yule aliyesikia kwa masikio yake mwenyewe. Maneno yangeweza kuwa mazuri ya kutoa machozi. Kiungo kimoja kikikosekana, au mpokezi mmoja akiwa hajulikani, alitikisa kichwa na kusema hiyo ni dhaifu, tuendelee. Sitaki kuliweka jambo la dini sawa na mpira wa ngozi. Ninachoazima ni ile nidhamu ya kuuliza nani aliona, na baada yake kikapita mikononi mwa nani. Kwa miaka yote niliyokusanya mipira iliyochezwa, sijapata chombo bora kuliko hicho.

Wengi wetu hatujawahi kuushika mpira huu, kwa hiyo niueleze. Ni mdogo, mzingo wake kama sentimita 23, uzito kati ya gramu 142 na 149. Ndani kuna kiini cha koki na raba kilichozungushiwa nyuzi za sufu, na juu kuna ngozi nyeupe ya ng'ombe iliyoshonwa kwa mkono, mishono 108 ya uzi mwekundu. Unatengenezwa na Rawlings katika mji wa Turrialba, Costa Rica. Ukitoka kwenye boksi unang'aa na kuteleza mkononi, na mrushaji hawezi kuutawala. Ndiyo sababu kabla ya mchezo kila mpira husuguliwa tope maalumu, laini kama krimu, linalochotwa katika kijito kimoja cha mto Delaware upande wa New Jersey, mahali ambapo wachotaji hawapataji. Aliyelileta ni Lena Blackburne, kocha wa Philadelphia Athletics, mwaka 1938. Nyuma ya tahadhari hizi kuna msiba. Mwaka 1920 Ray Chapman wa Cleveland alipigwa kichwani na mpira uliorushwa na Carl Mays wa New York Yankees, akafariki alfajiri ya siku iliyofuata. Hakuna mchezaji mwingine wa ligi kuu aliyekufa kwa kupigwa na mpira uliorushwa mchezoni. Enzi zile mpira mmoja ulichezwa hadi ukawa mweusi, mpigaji asiuone vizuri jioni. Baada ya Chapman, mipira iliyochafuka ikawa inatolewa haraka, na leo mchezo mmoja mara nyingi hula zaidi ya mipira 100.

Kwa mkusanyaji, tope ni shahidi wa kwanza. Nikiona mpira mweupe pe unaodaiwa kutoka ligi kuu, najua ama haukufika uwanjani ama kuna mtu aliusafisha ili upendeze, na huyo wa pili ameiharibu mali kuliko anavyojua. Shahidi wa pili ni alama. Gongo huacha rangi yake kwenye ngozi, wakati mwingine hata mistari ya mti. Udongo wa uwanja huacha mkwaruzo wa kahawia, nyasi huacha kijani. Kumbukumbu ikisema mpira uligonga udongo na kutolewa, halafu nauona una alama nyeusi ya gongo ubavuni, nasimama hapo hapo nianze kuuliza maswali. Huwa naomba picha za pande zote, kwa sababu mipira mingine ya mazoezi ina mhuri unaosema ni ya mazoezi, na mhuri huo hauonekani ukigeuziwa ukutani.

Kisha ndiyo nayasoma maelezo. Wauzaji wa mipira hii wana madaraja yao ya maneno, na kila daraja ni ahadi tofauti. Mpira "uliotumika mchezoni" unaahidi kwamba ulirushwa kwa mpigaji katika mchezo rasmi. Mpira "uliotolewa kwa ajili ya mchezo" unaahidi kwamba ulikuwa kwenye mfuko wa siku hiyo, basi. Unaweza kuwa haukutoka mfukoni. "Wa mazoezi" unajieleza wenyewe. Halafu kuna "kutoka mchezo wa", lile daraja la tangazo la Ngoepe, linalokuahidi tarehe na kiwanja lakini si mtu. Na la chini kabisa ni "unahusishwa na", ambalo halikuahidi kitu chochote ingawa ndilo mara nyingi hubeba jina kubwa kuliko yote. Sioni ubaya katika daraja lolote kati ya haya. Mpira uliokaa mfukoni una bei yake ya haki. Ubaya unaanza pale picha, kichwa cha tangazo na bei vinapokuwa vya daraja la juu, na maneno madogo ya chini yanapokuwa ya daraja la chini. Mimi husoma kuanzia chini kwenda juu.

Zamani hata maneno hayo hayakuwa na mtu wa kuyasimamia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 shirika la upelelezi la FBI liliendesha msako ulioitwa Operation Bullpen, likawakamata walioghushi saini za wachezaji kwa wingi wa kiwandani. Miongoni mwa vitu vilivyonaswa kulikuwa na mipira ya besiboli yenye saini ya Mama Teresa. Tony Gwynn, nyota wa San Diego Padres, alikuta vitu vyenye saini yake ya kughushi vikiuzwa katika duka la klabu yake mwenyewe. Ligi ililazimika kuamka, na mwaka 2001 ikaanzisha mfumo wake wa uthibitishaji. Ninaupenda mfumo ule kwa sababu umejengwa juu ya jicho. Mthibitishaji ni askari polisi aliyeko kazini au mstaafu. Anakaa karibu na benchi la wachezaji, anautazama mpira ukitoka uwanjani, unaletwa mkononi mwake, anaubandika stika ya hologramu yenye herufi na namba, na stika hiyo ukijaribu kuibandua inachanika. Kumbukumbu inaandika tarehe, timu, awamu, jina la mrushaji, jina la mpigaji na kilichotokea. Asichokiona hakithibitishi, hata akiambiwa na nani.

Na hapo ndipo ninapotaka wakusanyaji wapya watulie wanielewe. Mpira ukivuka uzio na kuangukia kwa watazamaji, sanadi imekatika. Homurani, lile pigo kubwa kuliko yote ambalo mpira huruka nje ya uwanja wa kuchezea, ndilo kila mtu anataka kumiliki mpira wake, na ndilo gumu kuliko yote kulithibitisha. Watu mia wanaruka, wanaanguka, mmoja anainuka na mpira mkononi, na askari wetu yuko mbali upande wa pili, hakuona ni upi. Mtu anaweza kuja uwanjani na mpira mwingine mfukoni. Ndiyo maana mwaka 1998, Mark McGwire alipokuwa anaikimbiza rekodi ya homurani za msimu, mipira aliyorushiwa iliwekwa alama za siri kabla. Mpira wa homurani yake ya 70 uliuzwa mwanzoni mwa 1999 kwa dola zinazozidi milioni 3. Bila alama ile, ungekuwa mpira wenye hadithi nzuri. Kwa hiyo muuzaji akiniambia ana mpira wa homurani ya msimu wa kawaida, uliodakwa na mjomba wake kwenye viti, simwiti mwongo. Inawezekana mjomba aliudaka kweli. Namwambia kwamba anachouza ni neno la mjomba, na neno la mjomba lina bei yake, ila si bei ile aliyoiandika.

Kwa mipira ya zamani, ambayo haina stika, shahidi anayebaki ni mpira wenyewe, na huzungumza vizuri kwa anayejua kuusoma. Hadi mwaka 1999, ligi mbili kuu, American na National, zilikuwa na mipira tofauti, kila mmoja ukiwa na chapa ya saini ya rais wa ligi yake. Tangu mwaka 2000 mpira ni mmoja, wenye saini ya kamishna. Marais hao wana miaka yao: American ilikuwa na Will Harridge kuanzia 1931 hadi 1959, kisha Joe Cronin hadi 1973. Babe Ruth alifariki Agosti 1948. Ukiletewa mpira wenye saini ya Ruth iliyoandikwa kwa wino juu ya ngozi yenye chapa ya Cronin, huna haja ya mtaalamu wa miandiko. Marehemu hasaini mpira uliotengenezwa baada ya maziko yake. Watengenezaji nao wana miaka yao. Spalding ndiyo iliyokuwa kwenye mipira ya ligi ya National hadi 1976, Rawlings ikaanza 1977. Ngozi ilikuwa ya farasi hadi ya ng'ombe ilipochukua nafasi mwaka 1974. Tarehe hizi chache zimeniokolea fedha nyingi, na mara moja ziliniweka mahali pagumu.

Ilikuwa kitongoji kimoja nje ya Pittsburgh, nyumbani kwa mama mmoja aliyekuwa anauza vitu vya marehemu baba yake. Tangazo lake lilisema: "Baba alisema mpira huu ulipigwa na Roberto Clemente naye akaudaka. Mimi sina ushahidi. Tuzungumze bei." Nilikwenda kwa sababu ya ile sentensi ya katikati. Katika mji ule jina la Clemente halitamkwi ovyo. Alitoka Puerto Rico, aliichezea Pirates tangu 1955, akapata pigo lake la 3,000 tarehe 30 Septemba 1972 katika uwanja wa Three Rivers, na siku ya mwisho ya mwaka huo huo akafa katika ajali ya ndege akiwapelekea msaada waathirika wa tetemeko la ardhi Nicaragua. Pigo lile la 3,000 likawa la mwisho wake katika msimu wa kawaida. Kuna wazee kule Pittsburgh ambao wakimtaja huvua kofia.

Mama alinikaribisha mezani, akaufungua mpira uliokuwa umeviringishwa kwenye soksi. Ulikuwa mzuri. Tope lake limekaa sawasawa, ngozi imegeuka rangi ya chai ya maziwa, alama ya gongo iko wazi juu ya mshono. Niliugeuza taratibu hadi kwenye chapa. Saini ilikuwa ya Charles Feeney, rais wa ligi ya National kuanzia 1970 hadi 1986. Hiyo ilikubaliana na baba yake. Kisha nikaona jina la mtengenezaji: Rawlings.

Ningeweza kuulipia mpira ule bei ndogo, nikaondoka kimya. Ningeweza pia kumwambia tu kwamba siununui. Nilimwambia nilichokiona, na nini maana yake: mpira huu haukuwepo duniani Clemente alipokuwa hai.

Alinyamaza. Halafu akasema, "Baba yangu hakuwa mwongo."

"Sidhani kama alidanganya, mama," nikamjibu. "Alikwenda uwanjani miaka mingi. Huenda aliudaka mmoja wa Clemente kweli ukapotea, na huu akaudaka baadaye. Kumbukumbu mbili zikakaa kwenye mpira mmoja."

Aliniuliza basi huu ni mpira gani. Nikamwambia ninachoweza kukiapia: ni mpira wa ligi ya National, wa kati ya 1977 na 1986, umesuguliwa tope, umepigwa na gongo, na baba yako aliutunza vizuri. Alichukua kadi akayaandika hayo kwa mkono wake, moja baada ya jingine. Chini yake akaongeza mstari ambao sikumwomba: kwamba baba yake aliamini mpaka mwisho kuwa ulipigwa na Clemente, akaandika jina lake na tarehe ya siku ile. Niliununua kwa bei ya mpira wa miaka ile usio na jina la mchezaji, na nikaongeza kidogo kwa ajili ya kadi. Katika kabati langu kuna mipira yenye stika na majina makubwa, lakini hakuna ulioelezwa vizuri kama huo. Kilichoonekana kimeandikwa kuwa kimeonekana, kilichosikiwa kimeandikwa kuwa kimesikiwa, na aliyeandika amejitaja.

Nimeona kinyume chake mara nyingi. Barua za uthibitisho zilizochapwa kwenye karatasi nene yenye mhuri wa dhahabu, zikisema kwa maneno makubwa kwamba kitu ni halisi "bila shaka yoyote", na hazisemi aliyeandika alikuwa wapi siku ya mchezo. Cheti cha namna hiyo ni mpokezi asiyejulikana. Karatasi haikuwa uwanjani. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na kadiri sifa zinavyozidi kwenye barua ndivyo ninavyotafuta jina la shahidi, na ndivyo nisivyolipata. Muuzaji ninayerudi kwake mara kwa mara ni yule anayeandika "sijui" pale asipojua. Mmoja aliwahi kunitumia mpira wenye maelezo kwamba rangi ya stika imefifia upande mmoja, kwamba haelewi ile alama ya kijani imetoka wapi, na kwamba aliyemuuzia alikuwa mtunza viwanja ambaye sasa hapatikani. Vyote nilivikuta kama alivyosema. Tangu siku hiyo, bei yake simwombi apunguze.

Vijana wetu wameanza kuucheza mchezo huu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda South Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya Little League. Siku moja Mwafrika wa Mashariki atasimama mbele ya mrushaji wa ligi kuu, na siku hiyo wauzaji wa mipira yake watakuwa wengi kuliko mipira yenyewe. Wakati huo kaulizeni awamu.

Na wewe unayesoma, kama nyumbani kwenu kuna kitu kilichotoka uwanjani, si lazima kiwe mpira, hata jezi ya fainali ya kombe la mkoa au medali ya babu, usingoje mwenyewe aondoke. Chukua karatasi leo ukae naye. Andika nani alikiona, nani alikipokea, mwaka gani, na nini hamkijui. Wekeni saini wote wawili, muandike tarehe, na karatasi hiyo ikae pamoja na kitu chenyewe.